MASHINE YA MASHUA INAPOKATAA KUWAKA

Hakuna mtu wa kando ya maji asiyejua mlio wa mashine ya mashua. Watu wa Ziwa Viktoria, wa Tanganyika na Nyasa, na watu wa Pwani na visiwa vyake, huusikia jioni wavuvi watokapo na alfajiri warudipo. Tumeuzoea hata hatuusikilizi tena. Lakini unapokatika ghafula, chombo kikiwa mbali na nchi kavu, kila mtu aliyemo huinua kichwa. Mwenye mashine huvuta kamba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Mikono huchoka, upepo huendelea kusukuma chombo, na watu huanza kutazamana. Wako waliolala majini usiku kucha kwa sababu ya uchafu usiozidi punje ya mchanga.

Twataka basi kueleza habari za mashine hii: ilitoka wapi, ni nani waliyoitengeneza, na kwa nini hata leo, baada ya miaka zaidi ya 100, taabu yake kubwa ingali ile ile ya mafuta na ya kuwasha. Hatusimulii mambo ya kale kwa kujifurahisha tu. Kila sehemu ya mashine kuukuu iliwekwa mahali pake na mtu fulani ili kuondoa taabu fulani; naye ajuaye taabu iliyomsumbua mtengenezaji wa kwanza, ajua pia mahali pa kutazama mashine inapokataa.

Asili ya mashine nyepesi

Kabla ya mashine za petroli watu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1881 Mfaransa mmoja, Gustave Trouvé, alifunga mota ya umeme katika usukani wa mashua ndogo, akapita nayo katika mto Seine mjini Paris. Mashua ilikwenda, lakini betri za siku zile zilikuwa nzito, na nguvu zake ziliisha upesi.

Njia ilifunguliwa na mafundi wa Uingereza. Hapo kwanza mashine nyingi zilihitaji pistoni ipande na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Mskoti Dugald Clerk, mwaka 1878, alitengeneza mashine iliyowaka kila pistoni ipandapo, lakini ilihitaji pampu ya pembeni ya kuiletea hewa na mafuta. Ndipo Joseph Day wa mji wa Bath, mwaka 1891, alipopata hati ya kulinda ubuni wa mashine isiyohitaji pampu ile. Alitumia nafasi iliyo chini ya pistoni, ndani ya kasha la mashine. Pistoni ipandapo, huvuta hewa na mafuta ndani ya kasha. Ishukapo, huyasukuma juu mpaka ndani ya silinda. Pistoni ile ile ikawa mfanya kazi na pampu pia.

Kwa ubuni huo mashine ikawa nyepesi na yenye vipande vichache, hata mtu mmoja aweza kuibeba begani. Lakini kila faida ina gharama yake. Kwa kuwa mafuta hupita ndani ya kasha, haiwezekani kuweka oili humo kama iwekwavyo katika mashine ya motokaa. Kwa hiyo oili huchanganywa na petroli yenyewe, nayo hulainisha mashine ipitapo. Msomaji na ashike sana neno hili, maana tutalirudia: katika mashine hii, petroli inapopungua, oili nayo hupungua. Mashine inayokosa mafuta hukosa nguvu, tena huchomeka ndani isipotazamwa mapema.

Ole Evinrude na mkewe

Mtu aliyefanya mashine ya mashua kuwa kitu cha watu wote ni Ole Evinrude. Alizaliwa Norway mwaka 1877, akachukuliwa na wazazi wake angali mtoto mdogo wakaenda kukaa Marekani, katika jimbo la Wisconsin lenye maziwa mengi. Alijifunza kazi ya chuma katika karakana za miji mbalimbali, mwisho akakaa mjini Milwaukee. Huko alikutana na msichana aitwaye Bess Cary, ambaye baadaye alimwoa.

Husimuliwa kwamba siku moja ya joto kali, mwaka 1906, vijana hao walikuwa na rafiki zao katika kisiwa cha ziwa Okauchee. Bess alitamani aiskrimu. Ole akaingia mashuani, akapiga makasia mpaka ng'ambo, akanunua, akarudi; lakini alipofika, aiskrimu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Wasemao husema kwamba ni njiani, mikono ikimwuma, alipowaza juu ya mashine ya kuvuta mashua. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, maana mwaka 1905 Mmarekani mwingine, Cameron Waterman, alikuwa amekwisha kujaribu mashine ya namna hiyo katika mto Detroit. Lakini Ole alikuwa fundi mwenye subira. Bess alipoiona ile ya kwanza alisema yafanana na kinu cha kusagia kahawa.

Mwaka 1909 wakaanza kuziuza. Mashine yao ilikuwa na silinda moja, na nguvu za farasi moja na nusu. Uzito wake ratili 62, yaani kilo 28 hivi, na bei yake dola 62. Ole alitengeneza mashine, na Bess aliandika barua, akatunza hesabu, akatunga matangazo ya kuwaambia watu watupe makasia yao. Haki ni kusema kwamba kazi ile ilisimama kwa miguu ya watu wawili. Bess alipougua, mwaka 1914, Ole aliuza sehemu yake akaahidi kutofanya biashara hiyo kwa muda wa miaka 5, ili apate kumtunza mkewe. Muda ulipokwisha alirudi na mashine mpya, yenye silinda mbili na sehemu nyingi za alumini, akaiita Elto. Bess alikufa mwaka 1933, na Ole mwaka 1934.

Taabu ya kuwasha

Mashine za kwanza hazikuwa na kamba ya kuvuta kama hizi zetu. Juu yake lilikuwa gurudumu zito lenye kishikio cha mbao. Mtu alilishika akalizungusha kwa nguvu, kisha akaondoa mkono upesi sana. Asiyeondoa mkono kwa wakati alipigwa vidole, maana mashine ikiwaka kishikio kilizunguka pamoja na gurudumu. Baadaye likaja gurudumu la kuzungushiwa kamba, kisha kamba ijirudiayo yenyewe ndani ya kifuniko.

Kwa nini ilitakiwa kuzungusha kwa nguvu vile? Sababu ni cheche. Mashine nyingi za zamani hazina betri. Cheche hutoka katika kitu kiitwacho magneto, yaani sumaku iliyomo ndani ya gurudumu zito, ipitayo mbele ya koili ya waya. Sumaku ipitapo upesi, umeme huwa mwingi na cheche huwa kali. Ipitapo polepole, cheche ni dhaifu au haipo kabisa. Ole aliijua taabu hii, ndiyo maana Elto yake ya mwaka 1921 ilitumia betri, ili cheche iwe kali hata gurudumu likizungushwa kidogo tu. Watu waliipenda kwa kuwa iliwaka kwa urahisi. Lakini betri yahitaji kujazwa tena, na watu wengi wakabaki na magneto.

Katika habari hii twapata fundisho la kwanza. Mtu avutaye kamba polepole mara 30 hujichosha bure. Afadhali aishike kamba, aivute kidogo mpaka asikie mashine inashika, kisha aivute mara moja kwa mkupuo. Ikiwa hata hivyo hakuna cheche, na atazame plagi na waya wake. Kisha atazame zile pointi mbili ndogo za chuma zilizo chini ya gurudumu, zinazogusana na kuachana ili kukata umeme. Mashine ikikaa muda mrefu bila kazi, hasa karibu na maji ya chumvi, pointi hufanya kutu nyembamba isiyoonekana sana kwa macho, nayo yatosha kuzuia umeme.

Taabu ya mafuta

Sasa twaja kwenye jambo kubwa zaidi. Mashine za kwanza zilikuwa na tangi dogo lililofungwa juu ya mashine yenyewe, na mafuta yalishuka kwa uzito wake tu, kama maji yashukavyo kutoka mtungi uliotobolewa chini. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Hata hivyo ina adui mmoja: mafuta hayawezi kushuka ila hewa iingie tangini mahali pake. Kwa hiyo kizibo cha tangi kina tundu dogo la hewa, na mara nyingi skrubu ya kulifunga wakati wa kubeba. Mwenye mashine akisahau kuifungua, mashine huwaka vizuri, hwenda dakika chache, kisha hufa. Akingoja kidogo, huwaka tena, na kufa tena. Wengi wameifungua kabureta yote kutafuta ugonjwa huu, kumbe dawa ilikuwa kuzungusha skrubu moja kwa vidole viwili.

Tangi lile dogo halikutosha safari ndefu. Mwaka 1949 kampuni ya Johnson ya Marekani ilitoa mashine ya nguvu za farasi 10, yenye tangi la kuwekwa chini ndani ya mashua. Lakini mafuta yaliyo chini hayapandi yenyewe. Wakafanya hivi: mpira ulikuwa na njia mbili; kwa njia moja mashine ilipeleka msukumo wa hewa ndani ya tangi, na kwa njia ya pili mafuta yalisukumwa kupanda kwenye mashine. Tangi la namna hiyo halina tundu la hewa, nalo ni lazima lifungwe sawasawa. Kifuniko chake kikivuja hewa, au mpira ukipasuka, mafuta hayapandi. Mashine hizo za miaka ya 1950 zingali zinatumika hapa na pale, na mtu akizoea tangi la kisasa aweza kulitoboa lile la zamani ili lipate hewa, na kwa tendo hilo akaliua kabisa.

Karibu na mwaka 1960 njia ile iliachwa, ikaja pampu ndogo yenye utando laini, iliyofungwa katika mashine. Utando huo huvutwa na kusukumwa na ile hewa ya ndani ya kasha tuliyoieleza katika habari za Joseph Day. Mpira ukawa wa njia moja, na katikati yake pampu ya mkono, ile ya mviringo ibonyezwayo kabla ya kuwasha. Pampu hiyo ya mkono ni mwalimu mzuri kwa ajuaye kuisoma. Ikibonyezwa ikawa ngumu na kubaki hivyo, mafuta yamefika. Isipopata kuwa ngumu kamwe, hewa yaingia mahali, au valvu zake zimekufa, au sindano ya kabureta haifungi. Ikibonyea mashine ikiwa inakwenda, kana kwamba imefyonzwa, basi njia ya hewa ya tangi imezibwa, au mafuta yamezuiwa huko nyuma. Na ikiwa mashine yataka kufa, lakini kila uibonyezapo yapata nguvu tena, basi utando wa pampu ya mashine umechoka, au hewa yaingia njiani.

Baada ya pampu mafuta hufika kabureta. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Hewa hupita kwa kasi mahali pembamba, na hapo msukumo wake hupungua, hata petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo sana na kutawanyika kama ukungu. Chini yake mna bakuli lenye boya. Boya likipanda husukuma sindano ya kufunga mafuta, likishuka huifungua. Tundu lile ni jembamba hata uchafu mdogo huliziba. Na hata pasipo uchafu kutoka nje, petroli iachwayo ndani kwa miezi mingi hukauka, ikaacha utomvu kama gundi. Mwenye mashine akiiweka stooni baada ya msimu bila kuondoa mafuta kabureta, asishangae atakapoirudia.

Mashine 300 zilizokataliwa

Tusije tukadhani kwamba taabu hizi ni za watu wasio na ufundi. Mwaka 1939 Mmarekani aitwaye Carl Kiekhaefer alinunua kiwanda kilichofilisika katika mji mdogo wa Cedarburg, Wisconsin. Hakuwa na nia ya kutengeneza mashine za mashua. Lakini ndani ya kiwanda alikuta mashine 300 ambazo duka kubwa la kuuza kwa njia ya barua lilikuwa limezikataa kwa kuwa zilikuwa mbovu.

Angeweza kuziuza kama vyuma chakavu. Lakini yeye na wafanya kazi wake wachache wakazifungua, wakatafuta makosa, wakayatengeneza, wakazirudisha kwa duka lile lile. Duka likapendezwa, likaagiza nyingine zaidi. Mwaka uliofuata Kiekhaefer alipeleka mashine zake mpya, alizoziita Mercury, katika maonyesho ya mashua mjini New York, akapata maagizo ya mashine zaidi ya 16,000. Hivyo moja ya kampuni kubwa za mashine za mashua duniani ilizaliwa katika rundo la mashine zisizotakiwa na mtu.

Twaitaja habari hii kwa sababu ya namna alivyofanya. Mtu mwenye hasira huvuta kamba, hubadili plagi, huipiga mashine kwa nyundo, na mwisho huilaani. Mtu mwenye akili huuliza: Nini kinakosekana? Wazee wa Pwani walisema, Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waliosema hivyo walikuwa mabaharia, nao walijua ya kwamba hata ukizunguka chombo chote, mwisho utarudi chini, mahali maji yanapokusanyika. Katika mashine ya mashua ngama ni tangi. Afadhali kuanzia huko kuliko kumalizia huko.

Utaratibu wa kutafuta kosa

Mashine ya petroli yahitaji mambo matatu tu ili iwake: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi, cheche kwa wakati wake, na kushindiliwa kwa hewa ndani ya silinda. Yakiwapo matatu haya, haiwezi kukataa. Moja lisipokuwapo, haiwezi kukubali, hata ikivutwa na watu 10 kwa zamu. Kazi yote ni kujua ni lipi linalokosekana.

Kwanza, tazama tangi. Je, mafuta yamo? Bomba limefunguliwa? Njia ya hewa i wazi, kama tangi ni la namna hiyo? Mimina mafuta kidogo katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mstari wa kutenga huonekana. Mafuta yaliyokaa muda mrefu hubadilika rangi, na harufu yake huwa ya kuchacha.

Pili, fuata njia ya mafuta: mpira, viungo vyake, chujio. Mpira wa zamani huweza kuwa mzima kwa nje na kuchanika ndani, kipande kikawa kama mlango unaojifunga mafuta yanapovutwa.

Tatu, baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki silindani. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, huenda yamezidi, au cheche haipo. Ikiwa na matone ya maji, umekwisha kupata jibu.

Nne, jaribu cheche. Rudisha waya katika plagi, ukiwa umeishika kwa koleo yenye mpini wa mpira, uguse chuma cha plagi kwenye chuma cha mashine, mtu mwingine avute kamba. Hapa yapasa hadhari kubwa. Plagi na iwe mbali na tundu la silinda, na mafuta yaliyomwagika yafutwe kwanza, upepo upite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini ndani ya chombo, na cheche moja yatosha kuuwasha. Moto ndani ya mashua iliyo kati ya maji hauna pa kukimbiwa.

Tano, ikiwa cheche ni nzuri na plagi ilikuwa kavu, tia kijiko kidogo cha mafuta yaliyochanganywa na oili ndani ya silinda, urudishe plagi, uvute. Mashine ikishika kidogo kisha ikafa, shukuru, maana imekwambia kwamba cheche ipo na silinda ni nzima. Kosa limo katika njia ya mafuta au kabureta. Isiposhika kabisa, ondoa plagi tena, chomoa waya ili pasiwe na cheche karibu, uzibe tundu kwa kidole, mtu avute. Hewa yapaswa kukisukuma kidole kwa nguvu. Isipofanya hivyo, pistoni au pete zake zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mashine ikilowa mafuta kwa sababu ya kutumia choki kupita kiasi, usiendelee kuitia mafuta. Funga bomba, fungua choki na njia ya hewa yote, toa plagi uikaushe, vuta kamba mara kadhaa ili mafuta yaliyozidi yatoke, kisha jaribu upya. Lakini ikiwa mashine yakubali kwenda pale tu choki inapofungwa nusu, usifurahi ukaondoka hivyo. Maana yake ni kwamba tundu la kabureta limezibwa kiasi. Na hapa ndipo tunaporudia neno letu la kwanza: petroli ikipungua, oili imepungua. Mashine hiyo itakufikisha leo, na kesho pistoni itashikana na silinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juu ya kipimo cha oili vilevile watu hukosea kwa kufuata desturi ya jirani. Mashine za zamani sana, kama British Seagull za Uingereza zilizoanza kutengenezwa mwaka 1931, zilitaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 10 za petroli. Nyingine zilitaka 1 kwa 25, na katika miaka ya 1960 zikaja za 1 kwa 50. Kwa lita 25 za petroli, kipimo cha 1 kwa 25 ni lita 1 ya oili, na cha 1 kwa 50 ni nusu lita. Oili ikizidi, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka. Ikipungua, mashine hufa. Kila mashine na ipewe kipimo chake yenyewe.

Mafuta yamebadilika, mashine ni ile ile

Liko jambo moja ambalo mafundi wa zamani hawakuliona. Petroli ya leo si petroli ya mwaka 1950. Katika nchi nyingi, Marekani ikiwa mojawapo, huchanganywa na pombe kali iitwayo ethanoli. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani, nayo hulainisha na kuharibu mipira na tando za pampu ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kabureta nyingine za zamani zina boya la namna ya vizibo vya chupa, lililopakwa vanishi. Ethanoli huyeyusha vanishi hiyo. Boya likanywa mafuta, likawa zito, likazama, na mafuta yakafurika bila kukoma. Mwenye mashine husema kabureta imekuwa mbovu, kumbe kilichobadilika ni mafuta. Dawa ni kubadili mipira, tando na boya kwa vya kisasa, na kutoacha mafuta yakae.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, mashine za mashua zilianza kutumiwa na wavuvi wa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Baadaye zikaja za Kijapani; Yamaha ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960, na jina hilo leo lajulikana katika kila mwalo. Mashine huku kwetu haziwekwi kwa mapambo. Hufanya kazi kila usiku, huuzwa, hununuliwa tena, huvuka kutoka mkono hata mkono, mpaka rangi na namba zake zimefutika. Petroli nayo huja katika madumu yaliyopita mikono mingi, yakabeba maji na mchanga. Kwa hiyo kuchuja mafuta kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kabla ya kuyatia tangini, kwaokoa mashine nyingi kuliko fundi aliye hodari.

Viwanda vya watu tuliowataja havikudumu vyote. Kampuni iliyotokana na kazi ya Ole na Bess ilifilisika mwaka 2000, ikanunuliwa na wengine, nao mwaka 2020 wakaacha kabisa kutengeneza mashine zenye jina la Evinrude. Seagull pia zimekwisha kukoma kutengenezwa. Lakini mashine zenyewe ziko, nyingine zina umri wa babu zetu, nazo huwaka zikipewa mafuta safi, cheche na hewa. Zisizokuwapo tena ni karakana za kuzipeleka na watu wa kuulizwa. Ujuzi uliokuwa wa kiwanda umebaki kwa yule ashikaye kamba.

Kwa hiyo twamsihi kila mwenye mashine amfundishe mwanawe, na vijana wanaotoka naye, si kuvuta kamba tu, bali kufuata njia ya mafuta kutoka tangini mpaka kwenye plagi, kwa macho na kwa vidole, mchana, chombo kikiwa ufukoni. Na hata akiwa stadi, kabla ya kusukuma chombo na achukue plagi ya akiba, ufunguo wake, kipande cha mpira, na makasia mawili. Bess Cary aliwaambia watu wayatupe makasia yao, naye aliuza mashine nyingi kwa neno hilo. Lakini sisi tuishio kando ya maji makubwa twasema yawekwe pale pale ndani ya mashua.